Henri Mignet: fundi wa radio aliyetaka kila mtu ajenge ndege yake

Hapa kwetu mashariki, mtoto anajua sauti ya ndege mbele ya kujua herufi. Barabara ikikatika, ndege ndiyo inaleta dawa, sabuni, viongozi, na wakati mwingine habari mbaya. Lakini kuipanda ni jambo lingine. Tikiti ni pesa ya miezi mingi, na hakuna mtu anayewaza kwamba ndege ni kitu ambacho fundi wa mtaani angeweza kukitengeneza mwenyewe, kama vile vijana wa Goma wanavyochonga chukudu: mbao, misumari, kipande cha mpira wa gari, na kazi inaendelea.

Kuna Mfaransa mmoja aliyewaza hivyo kabisa, tena zaidi ya miaka 90 iliyopita. Jina lake Henri Mignet. Hakuwa injinia wa ndege. Alikuwa mtu wa radio, kama sisi, na pia fundi mwenye mikono mizuri ya mbao. Ndege aliyoichora ilijengwa na mamia ya watu kwenye magaraji na vyumba vya nyuma, Ufaransa, Uingereza na kwingine. Iliwapa watu maskini kiasi furaha ambayo mpaka siku ile ilikuwa ya matajiri na wanajeshi. Na iliua. Mambo hayo mawili yote ni ya kweli juu yake, na ndiyo sababu tunaleta leo habari ya maisha yake.

Mignet alizaliwa tarehe 19 mwezi wa kumi 1893 katika mji wa Saintes, upande wa magharibi wa Ufaransa. Wakati ule hakukuwa bado na ndege yenye injini hata moja duniani iliyomrusha mtu vizuri. Ndugu wawili wa Marekani, Wright, waliruka mwaka wa 1903, Mignet akiwa na miaka 10. Unaweza kuelewa jambo hilo lilifanya nini kichwani mwa mtoto wa umri ule.

Lakini mtu aliyemshika sana moyo hakuwa Mmarekani. Alikuwa Mjerumani, Otto Lilienthal, aliyekuwa anapanda kilima akiwa amejifunga mabawa ya miti na kitambaa, na kushuka akielea hewani bila injini. Lilienthal alianguka na kufa mwaka wa 1896. Kijana Mignet, aliyekuwa bado mtoto mdogo siku ile, baadaye aliandikiana barua na Gustav, ndugu ya marehemu, akitaka kujua mabawa yale yalitengenezwa namna gani. Mwaka wa 1912, hajafika miaka 20, akajenga chombo chake cha kwanza. Alikiita HM.1, yaani herufi mbili za jina lake na namba moja. Desturi hiyo aliishika maisha yote: kila ndege mpya ilipata herufi zile zile na namba inayofuata. Ukiona namba inaruka, ujue kuna nyingine zilizobaki kwenye karatasi au zilizovunjika.

Vita kuu ya 1914 ilipofika, jeshi lilimtumia katika kazi ya T.S.F., jina ambalo wazee wetu pia walilijua kwa radio. Vita ikaisha, akabaki na ufundi huo mkononi. Mchana radio, jioni mbao. Alijenga, akavunja, akajenga tena. Chombo kimoja hakikunyanyuka, kingine kilinyanyuka kikarudi chini vibaya.

Na kulikuwa na shida nyingine, ambayo mtu mwenye kiburi angeificha. Mignet hakuwa rubani mzuri. Ndege ya kawaida inamtaka rubani afanye mambo mawili kwa pamoja: mkono unashika fimbo inayoinua na kushusha pua, na inayolaza ndege upande, miguu inasukuma pedali zinazogeuza mkia. Ukilaza bila kugeuza, au ukigeuza bila kulaza, ndege inateleza hewani. Ukifanya kosa hilo ukiwa unaenda polepole, karibu na ardhi, bawa moja linakosa hewa, ndege inaanza kuzunguka kama jani la mti, na inaanguka. Watu wengi wa zamani walikufa hivyo. Mignet alijaribu kujifunza, mikono na miguu ikakataa kusikilizana.

Mwingine angesema: mimi siwezi, niache. Yeye alisema kosa ni la ndege. Kama mtu wa kawaida mwenye akili zake hawezi kuiongoza mashine, basi mashine imetengenezwa vibaya. Hapo ndipo kila kitu kinaanzia.

Mwaka wa 1928 alitoa HM.8, ndege ya bawa moja, bado ya namna ya kawaida. Ilimpendeza vya kutosha mpaka akaandika namna ya kuijenga, ili kila mtu mwenye hamu aifuate. Inasemekana karibu watu 200 waliijenga. Kwa mtu asiye na kiwanda, lile lilikuwa jambo kubwa. Lakini HM.8 ilikuwa na fimbo na pedali kama ndege zote, na shida yake ya zamani ilibaki pale pale.

Chawa wa angani

Ndege iliyomfanya ajulikane ilikuwa HM.14. Alienda kuijaribu kwenye shamba lenye miti, karibu na mji wa Soissons, mbali na macho ya watu, akiishi kwenye hema pamoja na mke wake. Tarehe 10 mwezi wa tisa 1933 ikaruka.

Aliyeiona mara ya kwanza alicheka. Ilikuwa fupi, chini ya mita 4 toka pua mpaka mkia, na bawa la mbele lilikuwa na mita 6 hivi. Bila mtu ndani ilikuwa na uzito wa kilo 100 hivi, watu wachache wangeibeba. Mwili wake ulikuwa sanduku la triplex na vipande vya mbao, umeunganishwa kwa gundi na misumari. Mabawa yalikuwa ya mbao yamefunikwa kitambaa. Injini ilikuwa Aubier-Dunne, motere ya kampuni ya pikipiki, yenye nguvu za farasi 17 tu. Leo pikipiki kubwa za kawaida zina nguvu kupita hiyo.

Lakini cha ajabu kilikuwa mabawa. Badala ya bawa kubwa katikati na mkia mdogo nyuma, Mignet aliweka mabawa mawili, moja mbele na juu, jingine nyuma yake na chini kidogo, yamekaribiana. Bawa la mbele halikufungwa imara. Lilishikwa kwa mhimili, na fimbo ya rubani ndiyo ililiinamisha na kuliinua. Ukivuta fimbo, bawa zima linainua uso wake, ndege inapanda. Ukisukuma, linalala, ndege inashuka. Ukipeleka fimbo kushoto au kulia, usukani wa mkia unageuka, na kwa kuwa ncha za mabawa zilikuwa zimeinuka, ndege inalala yenyewe upande unaotakiwa. Pedali hakuna. Miguu inakaa bure.

Mignet aliamini pia kwamba ule mwanya mdogo kati ya bawa na bawa ulisukuma hewa vizuri juu ya bawa la nyuma, hata ndege isiweze kuanguka kwa ule mzunguko wa jani. Na kwa sehemu alikuwa na haki. Ukiivuta sana fimbo ya Pou, haikuzunguka, ilishuka tu pole pole kama mtu anayeketi. Kwa watu waliokuwa wanasoma magazetini kila wiki habari ya marubani waliokufa kwa mzunguko, hiyo ilikuwa habari njema kabisa.

Jina alilolipa ni Pou-du-Ciel, yaani chawa wa angani. Wafaransa walikuwa wanaita gari dogo la Ford chawa wa barabara, sababu lilikuwa limeenea kila mahali na bei yake nafuu. Mignet akacheka na kusema naye analeta chawa wake. Waingereza walipotafsiri, chawa akageuka kiroboto. Mdudu ni mwingine, lakini wote wawili wanaenea haraka.

Mwaka wa 1934 akatoa kitabu, Le Sport de l'Air. Ndani yake kulikuwa kila kitu: michoro, vipimo, mbao za namna gani, gundi namna gani, hata namna ya kujifunza kurusha bila mwalimu, kwanza kukimbia chini tu, kisha kuruka hatua chache kama kuku, kisha kidogo zaidi. Mignet hakuuza ndege. Aliuza kitabu, na katika kitabu aliwambia wasomaji wake wazi kwamba mtu wa kawaida mwenye subira na msumeno anatosha.

Wasomaji wakaamini. Mafundi wa mbao, mekanisheni, makarani, wanafunzi, wakaanza kupiga misumari. Tarehe 13 mwezi wa nane 1935, Mignet mwenyewe akavuka bahari kati ya Ufaransa na Uingereza kwa chawa wake, miaka 26 baada ya Blériot kuivuka mara ya kwanza. Waingereza wakawa kama wamepagawa. Kitabu kilipotoka kwa lugha yao, nakala 6000 zilimalizika chini ya mwezi mmoja. Ndege zaidi ya 100 ziliandikishwa Uingereza peke yake. Nyingine zilianza kujengwa na hazikumalizika, na hesabu ya hizo haiwezekani.

Tuwaze kidogo picha hiyo. Mtu anafanya kazi wiki nzima ofisini au kiwandani. Jumamosi anaingia nyuma ya nyumba, na pale, katikati ya takataka za mbao, kuna ndege yake. Haikutoka kwa mfalme wala kwa jeshi. Ameinunua kipande kwa kipande kwa pesa yake kidogo.

Mwanya kati ya mabawa

Vifo vilianza mapema, na mwaka wa 1936 vikawa vingi kiasi cha kutisha. Namna ilikuwa karibu moja: ndege inaruka vizuri, kisha inainamisha pua, inazidi kuinama, na rubani hairudishi tena. Inaingia chini moja kwa moja. Nyingine ziligeuka mgongo chini.

Mwanzoni lawama ziliwaangukia wajenzi. Watu walisema wamebandika vibaya, wametumia mbao mbovu, wameweka injini nzito kuliko ile ya kitabu. Mengine yalikuwa ya kweli. Waingereza wengi, kwa mfano, walipenda kuweka injini ya gari la Ford iliyobadilishwa, yenye nguvu na uzito zaidi. Lakini kati ya waliokufa mle walikuwamo pia marubani wa jeshi la anga wenye cheo na uzoefu. Hapo maneno ya kusema ni wajinga tu wanaanguka yakaisha.

Basi mwaka ule wa 1936 serikali mbili zikachukua Pou nzima nzima na kuziingiza ndani ya handaki la upepo, jengo kubwa ambalo feni inapiga hewa na mizani inapima ndege inataka kwenda wapi. Waingereza walifanya hivyo Farnborough, Wafaransa Chalais-Meudon. Mizani ikasema kitu ambacho macho ya Mignet hayakukiona.

Ni hivi. Ndege ikiwa sawa au ikiinama kidogo, ukivuta fimbo inanyanyua pua, kama kitabu kilivyosema. Lakini ikiinama kupita kiasi fulani, ule mwanya wenyewe, ule uliosifiwa, unageuka adui. Bawa la mbele linapoinua uso wake, ukingo wake wa nyuma unashuka karibu na bawa la nyuma, hewa inapita kwa nguvu kwenye mwanya, na bawa la nyuma linapata nguvu ya kunyanyua kuliko la mbele. Mkia unapanda, pua inashuka. Rubani anavuta zaidi, kama kila mtu angefanya akiona ardhi inakuja. Hakuna kinachorudi. Alichofundishwa kwamba kitamuokoa hakifanyi kazi tena, na wakati mwingine kinaongeza hatari.

Kumbe dawa yake haikuwa kubwa. Kurekebisha umbo la bawa la nyuma, kurekebisha nafasi kati ya mabawa, kuangalia vizuri uzito unakaa wapi, na ndege ikawa inarudi vizuri. Wafaransa walionyesha hivyo, na Mignet aliingiza mabadiliko hayo katika kazi zake zilizofuata. Lakini Uingereza ruhusa ya kuzirusha ilikuwa imeshasimamishwa, na jina lilikuwa limeharibika. Mwezi wa nane 1936 bado walifanya mashindano ya Pou kule Ramsgate, pembeni ya bahari, watu wakaja kutazama. Yalikuwa kama karamu ya mwisho ya nyumba inayohamwa.

Mimi sioni kwamba Mignet alikuwa mdanganyifu. Alirusha chombo chake mwenyewe, aliweka mwili wake ndani mbele ya kumwambia mwingine aingie. Lakini vipimo vya handaki vilikuja baada ya vifo, wakati vilitakiwa vije mbele. Na kuna jambo la kitabu. Kiwanda kikiuza ndege 100 zenye kosa, kinajua ziko wapi, kinaandika barua, kinaziita zirudi. Kitabu hakiwezi kuita. Kimeshaingia kwenye nyumba ambazo mwandishi hazijui, na kule kijana mmoja anaendelea kupigilia misumari akifuata ukurasa ule ule wenye kosa. Sisi watu wa radio tunaelewa: neno likishatoka kwenye antena, huwezi kulifuata masikioni mwa kila mmoja.

Kiti cha pili

Kuna kasoro nyingine ya Pou ambayo haizungumzwi sana, na mimi naiona ni kubwa sawa na ule mwanya. Ilikuwa ndege ya mtu mmoja.

Ukijifunza kuendesha gari, kuna mtu pembeni. Anasema punguza, anashika usukani ukikosea. Katika Pou hapakuwa na pembeni. Siku ya kwanza unaruka ndiyo siku ya kwanza uko peke yako, na mwalimu wako ni kurasa ulizosoma jana usiku. Kosa la ndege na kosa la mwanafunzi vilikutana hewani bila shahidi. Kama mtu alishuka chini akaogopa jambo aliloliona, hakuna mwenye uzoefu aliyelihisi pamoja naye na kusema hapana, hii si wewe, hii ni ndege.

Mignet alilijua hilo, na tangu miaka ile ya 1930 alianza kutafuta ndege ya watu wawili. Lakini kiti cha pili si kuongeza ubao tu. Hesabu yake ni ngumu. Ndege yenyewe ina kilo 100. Mtu wa pili analeta kilo 70 au 80 kwa mara moja. Kumbeba kunataka bawa kubwa zaidi. Bawa kubwa linataka mbao nzito zaidi kulishika. Uzito huo unataka injini yenye nguvu, injini inakuwa nzito na inakunywa mafuta mengi, mafuta nayo ni uzito. Ukigeuka kuangalia, bei imepanda mara mbili au tatu, na yule karani wa ofisi uliyetaka kumsaidia amebaki nje.

Pili, kuna usawa. Ndege inaninginia hewani kama mizani ya sokoni. Ukimweka abiria nyuma ya rubani, siku yupo mkia ni mzito, siku hayupo pua ni nzito. Kwa ndege ya Mignet, ambayo tayari ilionyesha kwamba haisamehe uzito ukikaa vibaya, hilo lilikuwa jambo la kufa na kupona. Njia safi ni kuwakalisha bega kwa bega, karibu sana na mahali ndege inaponinginia, ili mtu wa pili awepo au asiwepo mizani isishtuke. Lakini bega kwa bega kunapanua mwili wa ndege, na mwili mpana unakata hewa vibaya. Kila mlango unaofungua unafunga mwingine.

Mwaka wa 1937 alienda Marekani, kulikuwa na watu waliotaka kutengeneza ndege zake kiwandani. Mambo hayakukua kama walivyotumaini. Kisha vita ya pili ikaja. Katika miaka hiyo alichora HM.280, ambayo watu waliiita Pou-Maquis: ndogo, ya mtu mmoja, mabawa yanakunjika ili ifichwe, kwa ajili ya wapiganaji wa chini kwa chini waliokuwa wanapinga Wajerumani. Ilikuwa tayari vita ikiisha, kwa hiyo kazi iliyochorewa haikuifanya.

Baada ya vita maisha yake yakawa ya kuhama. Argentina, Japani, Moroko. Kila mahali palikuwa na mtu mwenye hamu, karakana, mbao za nchi ile, na kila mahali alijenga kitu, kisha pesa ikakata au watu wakageuka, akafunga mizigo. Ukisoma maisha yake unaona mtu aliyekuwa hodari sana wa kuanzisha, na wa kibiashara hata kidogo. Hakutajirika.

Lakini katika kuhama huko kazi ya kweli iliendelea kimya kimya. Ndege zake za baada ya vita, HM.290 na zilizofuata, hazikuwa tena na ugonjwa ule wa 1936. Watu wa Ufaransa waliojijengea ndege walikuwa wamejikusanya katika chama, na jina walilolichagua, Réseau du Sport de l'Air, walilitoa moja kwa moja kwenye jina la kitabu chake cha zamani. Chama hicho kilifanya kitu ambacho kitabu peke yake hakikuweza: fundi mmoja akikuta kosa, wengine wanaambiwa. Na ndani ya mfululizo wake wa mwisho Mignet alichora HM.380, ya watu wawili, mabawa mawili yale yale, bila pedali.

Henri Mignet alikufa tarehe 31 mwezi wa nane 1965 kule Pessac, pembeni ya mji wa Bordeaux, hajatimiza miaka 72. Wiki mbili tu baadaye, mwezi wa tisa, ndege ya watu wawili iliyotokana na HM.380 iliruka mara ya kwanza Ufaransa. Iliyoijenga ni mikono ya François Lederlin, msanifu wa majengo, mtu mwingine ambaye kazi yake ya kula haikuwa ndege. Mignet hakuiona.

Miaka ya 1980 kampuni yenye jina lake, iliyofungua milango katika kijiji cha Saint-Romain-de-Benet, si mbali na Saintes alikozaliwa, ilitoa HM.1000, inayoitwa Balerit. Mbao zimeondoka, zimekuja bomba za chuma chepesi na kitambaa cha kisasa. Injini imehamia nyuma, inasukuma badala ya kuvuta. Mabawa yanakunjika, ndege inaingia garajini. Viti viwili, bega kwa bega. Jeshi la Ufaransa, ambalo wakati wa chawa lilitazama kwa mbali, lilinunua Balerit kwa ajili ya kazi za kutazama ardhi.

Pou-du-Ciel za kwanza zilizobaki sasa zinaning'inia kwenye makumbusho, ile ya Le Bourget karibu na Paris ina yake. Watoto wa shule wanapita chini yake wakicheka umbo lake. Na ukiingia ndani ya Balerit ukaketi, utakuta fimbo moja ya kuongozea bawa la mbele na mkia. Ukitafuta pedali kwa mguu, hutazipata.